Nani Mwenye Kiwanja? Sanaa ya Hadhara katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Sanaa ya hadhara ni kazi yoyote ya mikono au ya maungo ambayo watu huikuta mahali pasipo na mlango wala kiingilio: sanamu kwenye njia panda, mchoro katika ukuta wa shule, mlango wa nakshi unaotazama uchochoro, kaburi lenye mnara, ngoma inayochezwa kiwanjani. Kinachoitenga na sanaa ya makumbusho ni kwamba haichagui mtazamaji. Mtoto aliyetumwa dukani, mzee anayekwenda msikitini na mgeni anayeshuka basi wote huipitia, wapende wasipende. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza kama kazi ya namna hiyo inapendeza, inafaa kuuliza nani aliyeamua iwekwe pale, nani anayeitumia, na nani anayeitunza baada ya mvua za masika. Pwani ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Kilwa hadi Lindi na kuingia bara hadi kata kama Nyangamara, ina ushahidi wa karibu miaka 1,000 kuhusu maswali hayo, na ushahidi huo unastahili kusomwa kwa makini kabla halmashauri yoyote haijatenga fedha za mnara mwingine wa saruji kwenye mzunguko wa barabara.

Katika karne ya 13 na ya 14 Kilwa Kisiwani ulikuwa miongoni mwa miji tajiri kabisa ya pwani hii, kwa kuwa dhahabu iliyoshuka kwenye bandari ya Sofala ilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wake, na sehemu kubwa ya utajiri huo iligeuzwa kuwa majengo. Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11, ulipanuliwa sana kwa makuba na matao, na mji wenyewe ulimvutia msafiri Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331 wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, kiasi cha kuuhesabu miongoni mwa miji mizuri kupita yote aliyoiona. Malighafi ya uzuri huo ilitoka baharini. Matumbawe laini yalichongwa yangali mabichi, kwa sababu yakikauka huwa magumu na hayakubali tena patasi ya nakshi, na matumbawe ya kawaida yalipangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa hadi yakawa chokaa, ambayo iliachwa ipoe na kuiva kwa muda mrefu kabla ya kutumika. Kazi ya namna hiyo iliwahitaji wapiga mbizi, wakata kuni, wachukuzi, wachomaji na wachongaji, hata ikawa kwamba jengo moja lilibeba jasho la watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Inafaa kulitazama kwa karibu jengo moja dogo lililo jirani na Msikiti Mkuu, yaani ule Msikiti Mdogo wa Makuba, unaohesabiwa kuwa wa karne ya 15. Ndani ya dari lake mafundi walipachika bakuli za kauri, na juu ya kuba la kati wakasimamisha kinara chenye pembe nane. Baadhi ya bakuli zimebanduliwa zamani na nafasi zake zimebaki kama duara tupu kwenye chokaa, lakini anayeinua macho chini ya dari hilo bado anaweza kuelewa nia ya waliozipachika. Bakuli kama hizo zilikuwa bidhaa ghali iliyosafirishwa kwa jahazi kupitia bandari nyingi, na katika nyumba za matajiri wa pwani vyombo vya aina hiyo viliwekwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta ili mgeni aliyekaribishwa avione na kuutambua uwezo wa mwenye nyumba. Kuichukua mali hiyo na kuipachika kwa chokaa kwenye dari la nyumba ya ibada, mahali ambapo haiwezi tena kuuzwa wala kurithiwa, kulikuwa ni kuitoa mikononi mwa mtu mmoja na kuikabidhi kwa macho ya kila aliyeingia kuswali. Huo ndio mfano mwema kuliko yote ya kile ambacho sanaa ya hadhara inaweza kufanya katika jamii ya mji: inapunguza umbali kati ya mwenye nacho na asiye nacho, walau kwa muda ambao wote wamesimama safu moja.

Ushahidi wa Songo Mnara, kisiwa cha jirani kilichokuwa na mji wa mawe kati ya mwishoni mwa karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 16, unaongeza jambo jingine. Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, waliofanya utafiti huko kwa misimu kadhaa kuanzia mwaka 2009, hawakuishia kwenye nyumba na misikiti kama ilivyozoeleka, bali walichunguza pia uwanja ulioachwa wazi katikati ya mji, wenye makaburi na msikiti mdogo. Uwanja huo haukuwa masalio ya ardhi iliyokosa mjenzi. Uliachwa kwa makusudi, na juu ya makaburi kulikutwa kokoto nyeupe ambazo watu walizileta na kuziweka kwa mikono yao, ishara kwamba kaburi liliendelea kutembelewa na kuhudumiwa muda mrefu baada ya mazishi. Mnara wa kumbukumbu, kwa watu wa Songo Mnara, ulikuwa kitu cha kurudiwa. Mtu alikuja na kokoto yake, akaiweka, akaondoka, na wa baada yake akafanya vivyo hivyo. Desturi hiyo haiko mbali na ya leo, kwani wakazi wa Kilwa Kisiwani bado huzuru makaburi ya kale kwa dua, na hali hiyo inaonyesha kwamba magofu ambayo mtalii huyaona kama mabaki ya watu waliokwisha kutoweka yana wenyewe, na wenyewe wanayajua.

Haifai hata hivyo kuipamba Kilwa ya kale kupita kiasi. Ulikuwa mji wenye mabwana na watumwa, na jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane, halikujengwa ili kila mtu aingie. Karne tano baadaye, Kilwa Kivinje kwenye pwani ya bara ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoleta watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, na milango ya nakshi iliyopamba nyumba za mji huo ilinunuliwa kwa sehemu kutokana na biashara hiyo. Uzuri wa mlango hauwezi kufuta chanzo cha fedha iliyoulipia. Pamoja na hayo, mlango wa pwani uliambatana na baraza, yaani kiti kirefu cha mawe kilichojengwa nje ya nyumba kwa ajili ya kukaa na kuzungumza, na baraza hilo lilikuwa wazi kwa jirani na mpita njia. Siku hizi milango mingi ya pwani imeng'olewa na kuuzwa kwa wakusanyaji, na nyumba ikishapoteza mlango mara nyingi baraza nalo huporomoka. Kinachopotea hapo ni zaidi ya ubao uliochongwa, kwa kuwa mtaa unapoteza mahali pa kukalia, na mtaa usio na mahali pa kukalia hupata taabu kupatanisha hata ugomvi mdogo.

Utawala wa kikoloni ulileta aina tofauti kabisa ya kazi za hadhara, ambayo bado inatawala fikra za wengi kuhusu namna mnara unavyopaswa kuwa. Hermann von Wissmann, kamanda wa Kijerumani ambaye majeshi yake yaliiteka Kilwa Kivinje na Lindi mwezi Mei 1890, alisimamishiwa sanamu Dar es Salaam mwaka 1909, naye akiwa juu ya msingi mrefu na askari wa Kiafrika akiwa chini akimtazama. Waingereza walipoitwaa nchi waliiondoa sanamu hiyo, ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha mwaka 1968. Mwaka 1927 Dar es Salaam ilipata Sanamu la Askari, lililotengenezwa kwa shaba nyeusi na mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, ambalo hadi leo limesimama kwenye makutano ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Maktaba likielekeza singe upande wa bandari. Wakazi wa jiji wamelizoea, huelekezana kwalo na kukutana chini yake, na katika hilo kuna ushindi wa kimyakimya wa watu wa kawaida, ambao wameigeuza amri ya mtawala kuwa alama yao ya njia. Lakini maandishi yaliyo kwenye msingi wake, kwa Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza, yanawakumbuka wanajeshi na wapagazi kwa jumla yao tu, bila jina la mtu hata mmoja.

Jambo hilo la majina linaigusa Lindi moja kwa moja. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, Mahiwa na Nyangao, katika nchi ya Wamwera iliyo njiani kutoka Lindi kwenda Masasi, palikuwa na mapigano makali kuliko mengi ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki, na upande wa Waingereza peke yake ulipoteza zaidi ya watu 2,000 kati ya waliouawa na kujeruhiwa, wakiwamo askari wengi kutoka Nigeria. Nyuma ya kila askari walikuwapo wapagazi, watu waliobeba risasi, unga na majeruhi kichwani na mabegani. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki Waingereza waliwatumia watu wanaokadiriwa kufika milioni moja kwa kazi hiyo, na takriban 95,000 kati yao walikufa, wengi kwa njaa, kuhara na homa. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika utumishi wa Dola ya Uingereza, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mnara unaomtaja afisa kwa cheo na tarehe, ukamtaja mpagazi kama sehemu ya wingi, ni fundisho linalotolewa hadharani kila siku kuhusu nani ni mtu na nani ni mzigo.

Wananchi wenyewe walikuwa na njia zao za kukumbuka. Hassan bin Omari Makunganya, aliyepinga utawala wa Kijerumani, alinyongwa Kilwa mwaka 1895, na Kivinje pana mahali ambapo hadi leo pameitwa Mwembe Kinyonga. Hapakuhitajika mchongaji, kwa kuwa jina lenyewe lilifanya kazi ya mnara kwa zaidi ya karne moja. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 Nandete, katika milima ya Umatumbi wilayani Kilwa, pale wanavijiji walipong'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima, na mwezi uliofuata, tarehe 4 Agosti, mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewahamasisha wapiganaji, alinyongwa Mohoro. Kumbukumbu ya vita hivyo iko hai zaidi Songea, mbali na pwani, ambako mashujaa walinyongwa tarehe 27 Februari 1906 na ambako kila mwaka, siku hiyo ikifika, watu hukusanyika kwenye makaburi na makumbusho kwa ibada, ngoma na hotuba. Sanamu za machifu zilizoko huko si bora kwa ufundi kuliko nyingine nchini, lakini zina kitu ambacho minara mingi haina, nacho ni siku katika mwaka ambayo zinahitajiwa. Inasikitisha kuona kwamba Umatumbi, ambako moto ule uliwashwa, hakujulikani na vijana wa Tanzania kwa kiasi kinacholingana na uzito wake.

Wasomi wa sanaa huelekea kuisahau ngoma wanapoorodhesha sanaa ya hadhara, ingawa kwa watu wa kusini hiyo ndiyo iliyo mbele. Sindimba ya Wamakonde, na vinyago vya midimu vinavyovaliwa katika sherehe za jando na unyago, yaani mafunzo ya kuwaingiza vijana wa kiume na wa kike katika utu uzima, huhitaji kiwanja, na kiwanja kikijengwa maduka ngoma nayo hukosa pa kusimama. Ndiyo maana mjadala wa sanaa hauwezi kutenganishwa na ramani ya mipango miji. Ofisa ardhi anayegawa uwanja wa wazi kuwa viwanja vya biashara ameamua jambo la sanaa, hata kama hajui.

Halafu kuna kuta. Kusini mwa Tanzania kuna desturi ya kuchora kwenye kuta za nyumba za udongo, na wapo watafiti wanaoihusisha na desturi hiyo kazi ya Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kawaida juu ya vipande vya ubao wa dari, na aliyefariki mwaka 1972 akiwa ameacha mtindo unaojulikana dunia nzima. Katika vijiji vya leo ukuta unaochorwa zaidi ni wa shule ya msingi: ramani ya Tanzania yenye maziwa ya buluu, ramani ya Afrika, mfumo wa usagaji chakula na hesabu za kuzidisha, vilivyochorwa na mwalimu mwenye mkono mwepesi au na fundi wa mabango. Hiyo ni sanaa ya hadhara kwa maana kamili, na mtoto wa Nyangamara anayeitazama ramani hiyo kwa miaka 7 huijua nchi yake kwa umbo alilopewa na mchoraji wa kijiji, pamoja na makosa yake yote ya mipaka. Kazi hiyo hulipwa kidogo au hailipwi, na ikipauka hakuna anayehisi kwamba kuna kitu kimepotea.

Upande mwingine, atakayesafiri kwa barabara kuu kutoka Kibiti hadi Mingoyo ataona maduka na nyumba zilizopakwa rangi moja kuanzia msingi hadi ukingo wa bati, na juu yake nembo ya kampuni ya simu au ya kinywaji. Mwenye nyumba hawezi kulaumiwa, kwa kuwa rangi ni ghali naye amepewa bure. Lakini jumla ya maamuzi hayo madogo ni kwamba kuta za mji mzima zinazungumza lugha ya mtu asiyeishi hapo, na vituo vya basi vya njia nzima vinafanana hata msafiri aliyeamka usingizini hawezi kujua amefika wapi. Ada ya mabango ni chanzo halali cha mapato ya serikali. Lililo gumu kuelewa ni kwa nini sehemu yake, hata ndogo, isirudi kwa wachoraji wa mahali pale ili ukuta wa soko, wa zahanati na wa ghala la ushirika la korosho na ufuta upate sura ya watu wanaoutumia.

Atakayehofu kwamba wachoraji wakipewa kuta watachora siasa hakosei. Nairobi, mwanzoni mwa mwaka 2012, karibu na Soko la Jiji katika Mtaa wa Muindi Mbingu, wanaharakati na wasanii walimchora mwanasiasa kwa umbo la tai mla mizoga, na haikuchukua muda mchoro ukafutwa. Mwandishi wa makala haya haoni ubaya katika mchoro ule. Mji ambao malalamiko yake yana mahali pa kuonekana, hata kwa siku chache, una nafasi nzuri zaidi ya kuyazungumza kuliko mji unaoyaacha yachemke vyumbani.

Matunzo ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa sababu ya kuta kuporomoka na bahari kumega ufuo, na kutolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya miaka 10 iliyohusisha kuimarisha kuta na kuwafundisha kazi hiyo wenyeji. Fedha nyingi zilitoka nje, lakini mikono iliyochanganya chokaa ilikuwa ya huku, na ujuzi huo unabaki kisiwani mfadhili akiondoka. Somo lake kwa minara mipya ni wazi: bajeti ya uzinduzi isiyo na bajeti ya miaka inayofuata ni bajeti ya gofu.

Kwa hayo yote, kazi ya hadhara inayodaiwa zaidi na ardhi ya Lindi ni kumbukumbu ya wapagazi wa Mahiwa, kando ya barabara ya Lindi na Masasi, na namna ya kuipata ina uzito kuliko umbo lake. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, kuwa mamlaka ya juu kabisa katika kijiji, na huko ndiko uamuzi unakopaswa kuanzia, kabla ya mkandarasi na kabla ya mgeni rasmi. Mkutano huo ndio uchague mahali, ukubali au ukatae michoro, na uweke siku moja ya Oktoba ambayo watu watarudi pale kila mwaka. Malighafi haziko mbali, kwa kuwa misitu ya vijiji vya Kilwa ina mpingo unaovunwa kwa utaratibu, wachongaji wa Kimakonde wako Lindi na Mtwara, na wachomaji chokaa wa pwani hawajaisha. Kitakachochukua muda mrefu ni majina. Hayapo kwenye mafaili ya London kwa ukamilifu, ila yapo kwa vipande katika koo za Wamwera, Wamakonde na Wayao, ambako bado kuna wajukuu waliosikia kwa babu zao nani alichukuliwa kubeba mizigo na hakurudi. Mtendaji wa kijiji mwenye daftari, akisaidiwa na walimu na wanafunzi wa sekondari, anaweza kuanza kuyaandika kitongoji kwa kitongoji kuanzia msimu huu wa kiangazi, kabla jiwe la kwanza halijachongwa.